Kampuni za inchi kama yetu zinavukaka mupaka namna gani? (kalanga ya mama, Katuba)

MwanaKatuba

Jambo bayaya, bapapa na bamama. Niko na swali moja linanisumbua tangu mwezi wa saba, ningependa bale banafanya biashara ya kweli banijibu, mufupi ao murefu haina shida, nitasoma yote.

Kwetu mu Katuba, hapa Lubumbashi, mama anasagaka kalanga. Alianza na kinu, leo tuko na mashini mbili na bamama batano banatumika naye. Kalanga tunazitoaka ku Kasenga, tunakaanga, tunapepeta, tunasaga, tunajaza mu makopo ya plastiki, nyuma tunauzisha ku soko ya komini ya Kenya, hapa hapa mujini, na mu alimantasio kidogo-kidogo za Kamalondo. Inaenda, batoto banasoma, mi mwenyewe nilimaliza masomo na ile kalanga. Lakini kila nikiingia mu magazini ya mujini naona kalanga ya kusaga imetoka Zambia, ingine Afrika ya Kusini, sabuni ya Zambia, telefone za Bachina, pikipiki za Bahindi, hata benki za Kenya. Hizi zote hazitoki Ulaya. Zingine zinatoka ku inchi zenye umeme unakatika sawa wetu na barabara mashimo sawa zetu.

Basi nikajaribu. Nilibeba karto kumi mpaka Kitwe, kule Zambia, juu rafiki alinipeleka kwa mutu mwenye kununulia magazini moja mali. Yule papa hakuniuliza bei. Alifungua karto, akatoa makopo sita, akaweka ku mizani moja-moja. Ya kwanza gramu 478. Ya pili 512. Ya tatu 495. Yote etikete inasema 500. Nyuma akainua moja akaitazama ku mwangaza, mafuta imepanda juu kama kidole kizima na kalanga imekaa chini ngumu. Akageuza, anatafuta tarehe ya kuisha, haiko, mama aliandika tu tarehe ya kutengeneza na kalamu. Hakunitukana, alinirudishia makopo polepole mu karto na akafunga na skoshi vizuri. Nyuma yake ku etajere kulikuwa makopo ya bengine, nilinunua moja nikaionja mu busi: ya mama ni tamu kuipita, nasema kweli.

Nilirudi na karto zangu kumi. Sasa nauliza: bale bengine, Bazambia, Bachina, Bahindi, Bakenya, balifanyaje? Ni pesa tu? Ni serikali ilibasaidia? Ao kuko kitu mi sikioni?

---

MamaTelefone

Mutoto wangu, pole kwa ile safari. Mi nilianza kuuzisha telefone mujini 2005, kwa hiyo acha nikwambie ile niliona na macho.

Ile miaka mutu alikuwa anatembea na telefone mbili, tatu, juu kuita rezo ingine ilikuwa bei ghali sana. Mwenye hana pesa ya telefone mbili alikuwa na sim tatu na telefone moja. Nilikuwa na mukiriya mumoja, motari, alikuwa anakuja ku kontware yangu kila saa sita, anafungua telefone na ukucha, anatoa batri, anabadirisha sim, anapiga, anafungua tena. Ile sim ingine alikuwa anaifunika mu noti ya franka mia, anaikunja mara ine, anaweka mu mufuko ya shati. Siku moja akanunua mukate na ile noti. Alilia mbele yangu, mutu muzima, juu namba zote za bakiriya zilikuwa mule.

Ile ginsi tuliishi, Nokia ilikuwa inaiona? Pengine ilikuwa inaiona lakini haikufanya haraka. Mwenye alifanya ni Zhu Zhaojiang, Muchina alikuwa anauzisha telefone za kampuni ingine inaitwa Bird, anazunguka dunia. Mu 2006 akaanza kampuni yake, Transsion, ile iko na Tecno, Itel na Infinix. Wakati kule kwao kila mutu alikuwa anapigana na mwenzake juu ya soko ya China, yeye akaelekeza nguvu yote Afrika. Telefone ya sim mbili. Batri ya kukaa siku mingi. Sauti ya nguvu, juu huku tunasikilizaka muziki na telefone bila redio. Nyuma wakafika ku kamera. Unakumbuka picha za ndoa za zamani na telefone? Uso hauonekane, unaona meno na macho tu. Wao wakakusanya picha za bantu beusi, bakatengeneza kamera ya kutuona. Ile siku bakiriya baliona uso yao ku ekra, sikuwa tena na kazi ya kueleza, stoki iliisha.

Na bakafungua Carlcare, mahali pa kutengenezea. Mbele, telefone ikikufa ni kufa. Mu 2011 bakajenga kiwanda Ethiopia, na mu 2019 kampuni ikaingia ku soko ya hisa ya Shanghai. Kwao China kwenyewe ukiuliza mutu ku barabara Tecno ni nini, mingi hawajui!

Kwa hiyo jibu langu: hakuja na ile imebakia kwao. Alikaa akatutazama. Na we, ulienda Kitwe na ile mama anapenda kutengeneza, ulimuuliza mama wa Kitwe anakulaka kalanga namna gani? Anaweka mu mukate, anaweka mu mboga, anaipatia batoto mu uji? Hapo njo pa kuanzia.

---

Boxer_Bel-Air

Mi ni motari, sitasema mingi. Boxer ya Bajaj ni pikipiki ya Bahindi, kwao barabara za vijiji ni sawa za kwetu, bantu batatu na saki ya unga juu ya kiti moja. Haikuitaji kuibadirisha sana kwa kuileta huku. Lakini ile inaniweka ku Boxer si pikipiki, ni piesi. Nikivunja kitu usiku saa tatu mu Bel-Air, kuko mutoto na meza, eko na kebo, eko na plake, eko na cheni. Kuko pikipiki ingine nzuri kuipita, nilikuwa nayo, nilingoja piesi moja juma tatu na batoto nyumbani hawakule vizuri. Sinunue tena hata mutu anipatie nusu bei. We ukiuzisha Kitwe leo, mwezi ujao makopo yakiisha, nani atajaza etajere?

---

Papa_Kasumbalesa

Mwanangu, salimia mama sana. Mi niko mu kazi ya papye ya duane huku ku mupaka wa Kasumbalesa tangu ujana, kamyo nimeziona zikipita zote, zile zinaleta na zile zinabeba shaba.

Unauliza Zambia balifanyaje. Tuchukue moja unaijua, Trade Kings. Balianza Lusaka 1995, bako na sabuni Boom, bako na maheu, bonbo, na bingine mingi. Sasa nikwambie kitu bantu hawasemake: kampuni nyingi za Zambia hazikuingia Kongo, ni sisi tulizitoa kule. Ni bamama ba huku, mama na kitenge yake na pesa yake mu kitambaa, anavuka asubui, ananunua karto tano, anapatia bale ba vélo bamupitishie, jioni iko ku soko. Ile kampuni ilitengeneza pakiti ndogo inaenda na mushahara wa siku moja, bei haipande-pande, na kila karto ni sawa na ile ya jana. Mama anaweza kufunga macho na kununua. Yote ingine bamama balifanya wenyewe, bila kulipwa na mutu. Hiyo ni nguvu kubwa: kuwa na mali ambayo mutu mwingine anakubali kuilipia safari.

Sasa juu ya kalanga yako. Ile mizani ya Kitwe haikukufungia mulango, ilikuonyesha mulango uko wapi. 478 na 512 si kosa ya mashini, ni kosa ya kijiko. Naamini bamama banajaza na kijiko na macho, kweli ao hapana?

Ku papye nitasema kidogo tu juu ni murefu na inabadirika. Uwe na cheti cha asili, ile inaonyesha mali imetengenezwa Kongo, juu sisi na Zambia tuko wote mu COMESA na mu SADC, zile jumuiya za inchi zetu, na bila ile cheti huwezi kuomba upunguzo wowote wa duane. Uwe na cheti ya kupimwa kwa chakula. Na jina ya mali iwe moja fasi yote: ku fakture, ku karto, ku etikete. Nilikuwa na mukiriya wa asali, fakture inasema karto 40, mu kamyo muko 38 juu mbili alipatia shemeji yake asubui ya safari. Karto mbili! Siku ine tulilala pale, ku ile foleni ya kamyo unaijua, na asali mu jua. Hakukuwa mutu mubaya hapo, ilikuwa tu hesabu haiongee na karatasi.

---

FundiFrigo Ruashi

Mi siko sawa na mama wa telefone kidogo, aniwie razi.

Natengenezaka frigo. Ile Haier munaona leo, mu 1984 ilikuwa kiwanda cha shida mu muji Qingdao, kiko na deni. Wakapeleka mukubwa mupya, Zhang Ruimin. Mu 1985 mukiriya mumoja akaleta malalamiko frigo iko mubovu, Zhang akaingia mu stoki, akapima zote, akapata 76 ziko na kosa. Bantu bakasema basi tuziuzishe kwa batumishi bei ya chini, juu ile wakati frigo moja ilikuwa mushahara wa karibu miaka mbili. Akakatala. Akazipanga, akapatia bale balizitengeneza nyundo, bakazivunja wenyewe, yeye akaanza. Kuko batumishi balilia.

Mi nikiwaza ile sauti ya nyundo ku frigo mupya naumia, juu najua kazi iko ndani ya moja: gazi, kompresa, kuchomelea bomba mbili bila kuacha tundu hata ya sindano. Lakini naelewa. Ukiuzisha ile mubovu kwa ndugu bei ya chini, kesho mikono ya kila mutu mu kiwanda inajua kama mubovu iko na bei.

Sasa pale njo siko sawa na mama. Kampuni mingi zinaendaka mbele fasi inafanana na kwao. Haier ilifanya kinyume. Zhang alisema tuanze na fasi nguvu, nyuma tutaenda fasi nyepesi. Balijifunza kwanza na Badeutsch wa Liebherr, nyuma bakaanza kuuzisha Ujerumani, kule kwa walimu wao. Ku Marekani hawakuingia na frigo kubwa kupigana na bakubwa, baliingia na ile ndogo ya chumba cha mwanafunzi, bakubwa waliizarau juu faida yake ni ndogo. Bakakaa pale miaka, bakajulikana, na mu 2016 bakanunua sehemu yote ya General Electric inayotengeneza vyombo vya nyumbani, zaidi ya dola bilioni 5.

Kwa hiyo ndugu, usikimbie yule papa wa mizani. Mutafute tena. Katuba watakununua hata kopo iwe 470, juu banamujua mama. Katuba haiwezi kukufundisha.

---

MamaTelefone

Papa Fundi, hatuko mbali. Mi nasema umutazame mukiriya, we unasema utafute mukiriya mwenye roho nguvu. Lakini kumbuka Haier iliingia na frigo ndogo, ni nani alikuwa anaihitaji? Mwanafunzi. Hata kule balitazama nani amesahauliwa.

---

Mhasibu_Kampemba

Habari zenu. Mimi nafanya kazi ya uhasibu hapa mjini, nitajibu lile swali la "ni pesa tu?" maana hapo watu wengi hupotea, na nitaandika kirefu kidogo mnisamehe.

Kuna njia mbili za kuvuka. Ya kwanza unajenga mwenyewe polepole, ya pili unanunua aliyejenga. Angalia simu. Celtel ilianzishwa 1998 na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, wakati kampuni kubwa za Ulaya hazikutaka hata kusikia habari ya Kongo. Wakajenga minara inchi moja baada ya nyingine, pasipo umeme wakaweka jenereta, wakatangaza tangu mwanzo kwamba hawalipi hongo. 2005 ikauzwa kwa Wakuwaiti kwa dola bilioni 3.4, baadaye tukaanza kuiita Zain. 2010 Bharti Airtel ya Uhindi ikanunua zile inchi 15 za Zain Afrika kwa dola bilioni 10.7. Rangi za ukuta zikabadirika mara mbili, mnara ukabaki ule ule.

Bharti walikuja na hesabu yao ya Uhindi: shusha bei ya dakika, watu wataongea zaidi sana, na kazi za mitambo wape Ericsson, Nokia, Huawei, kompyuta wape IBM. Uhindi ilifanya kazi ajabu. Huku haikuwa mara moja. Mtu mwenye dola moja kwa siku ukimshushia bei ya dakika hapati dola nyingine ya kuongelea, na mafuta ya jenereta hayashuki kwa sababu wewe umeshusha bei. Ikabidi wauze minara mingi kwa kampuni za minara, 2016 wakaachia Orange Burkina Faso na Sierra Leone, wakaenda polepole mpaka Airtel Africa ikaingia soko la hisa la London 2019. Naisema hii kwa sababu watu hudhani ukiwa umetoka inchi maskini unaijua inchi nyingine maskini. Unaijua nusu. Nusu nyingine unaisoma kwa kulipa.

Benki ni hivyo hivyo. Equity ya Kenya haikuanza kujenga matawi Kongo kutoka sifuri, 2015 iliingia kwa kununua ProCredit, 2020 ikanunua BCDC, benki iliyokuwapo tangu 1909, ikaziunganisha. KCB, nayo ya Kenya, ikafuata 2022 ikachukua asilimia 85 ya benki ya TMB, na TMB jamani ilizaliwa hapa hapa Lubumbashi 2004. CRDB ya Tanzania ilipokuja 2023 ilifungua Lubumbashi, si Kinshasa, na ukitaka kujua kwa nini simama barabarani uhesabu kamyo zinazotoka Dar es Salaam. Benki ilifuata wateja wake walipoendesha.

Na kununua kunaua pia. Cemex ya Mexico ilikuwa mfano wa kila mtu, kiwanda cha saruji cha familia kilichofika Uhispania 1992 na kuzunguka dunia. 2007 wakanunua Rinker ya Australia kwa zaidi ya dola bilioni 14, karibu zote za mkopo. Mwaka uliofuata ujenzi Marekani ukaanguka, na wakakaa miaka wakiuza mali kulipa deni.

Kwa hiyo ndugu wa Katuba, kabla ya pesa ya kwenda Kitwe nikuulize: una daftari? Gharama ya kopo moja unaijua, na plastiki, na mkaa, na siku ambayo umeme ulikatika mama akalipa watu bila kusaga? Nimewahi kukaa na wafanyabiashara ambao kila karto waliyovusha waliongeza hasara, na walikuwa na furaha kwa sababu mauzo yanapanda. Lile jambo linaniuma mpaka leo.

Halafu wazo moja. Wewe unatafuta ng'ambo ya Kasumbalesa, lakini ng'ambo iko pia Fungurume na Kolwezi. Sehemu kubwa ya mgodi wa Tenke Fungurume ilinunuliwa na CMOC ya China 2016 kutoka Freeport ya Marekani kwa dola bilioni 2.65. Migodi ile inalisha maelfu ya watu kila siku, na anayepika pale anataka fakture, uzito sawa, tarehe, cheti cha labo, yaani maswali yale yale ya yule papa wa Kitwe. Na kuna sheria ya Februari 2017 ya ukandarasi mdogo inayosema kazi hizo ni za kampuni zenye mtaji wa Wakongomani walio wengi. Unaweza kujifunza uhasibu wa kimataifa bila kuvuka mpaka.

---

Asubui_ya_Kivu

Niko Bukavu, nilisomea kilimo, naomba kuingia.

Huku kwetu kuko funzo mbili, moja ya kulia na moja ya kushika. Ya kulia ni kahawa. Miaka na miaka kahawa ya Kalehe na Minova ilikuwa inavuka ziwa usiku mu pirogi kwenda Rwanda, kilo kwa sabuni, kilo kwa nguo, na dunia ikainywa bila kujua jina ya Kivu. Bapapa bengi balizama mu ile maji, bajane bao tunabajua. Nyuma bakulima bakaingia mu koperative, kama SOPACDI ya 2003, bakapata vituo vya kuoshea kahawa, yaani kuchuma nyekundu tu, kutoa ganda siku ile ile, kuchachusha, kuosha, kuanika ku meza za waya na kugeuza-geuza na mikono. Ni ile ile kahawa, muti ule ule! Lakini sasa mununuzi wa Ulaya anaiita na jina yake.

Ya kushika ni Pharmakina. Kiwanda cha hapa Bukavu, kinatoa kinini, dawa ya malaria, mu maganda ya muti wa kinkina. Mujue huku barabara ni nini, na vita, sitaanza kueleza. Lakini kinini iko na thamani kubwa mu kilo kidogo. Ukibeba maganda mabichi unalipa kamyo kubeba kuni, ukibeba kinini unabeba dawa. Na hata wao pepo ilibadirika, tangu 2011 OMS, shirika la afya la dunia, inapendekeza dawa ya artesunate mu nafasi ya kinini kwa malaria kali hata ya batoto, na muti wa kinkina unangoja miaka mingi kabla ya kuvunwa, huwezi kuung'oa leo ukapanda kingine kesho. Mwenye kuuzisha inje anaishi na maamuzi ya bantu hatakutana nao.

Sasa MwanaKatuba, nikuulize kitu hakuna mutu hapa amekuuliza. Ile kalanga ya Kasenga mama anaipokea namna gani? Iko kavu? Iko na zile nyembamba, zimekunjamana, zenye rangi ya kijivu? Juu mizani na tarehe utatengeneza mu juma moja, lakini kuko kitu inaitwa sumukuvu, ni sumu ya ukungu, haionekane, haina harufu, na kukaanga hakuimalize. Inaingia wakati kalanga inaanikwa chini ku udongo ao inafungwa mu saki mbichi, ao wakati bantu bananyunyizia maji kwa kulegeza ganda. Ulaya kwa kalanga ya kula moja kwa moja inakubali mikrogramu 4 tu mu kilo, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki 10, na sisi tumeingia mu ile jumuiya 2022. Malawi ilikuwa inauzisha kalanga sana Uingereza, ile sumu ikawa kati ya sababu soko ilipotea. Na si Ulaya tu: Machi 2021 Kenya ilifunga mulango kwa mahindi ya Tanzania na Uganda juu ya sumukuvu. Jirani kwa jirani.

Na mbele ya soko kuko batoto ba Katuba banakula ile kalanga. Ini lao njo linalipa. Sikuogopeshe, mama yako anafanya kazi nzuri, lakini bamama batano, mumoja awe wa kuchagua tu. Meza nyeupe, mwangaza, kila yenye kukunjamana, yenye kuvunjika, yenye doa, inatoka. Na isiende kwa kuku wala kusagwa kwa bei ya chini, papa wa frigo amesema vizuri juu ya ile. Nunua kwa mukulima anayeanika ku bashi, si chini. Mulipe kidogo zaidi, umwambie sababu.

Mafuta kupanda juu ni kitu kidogo, saga laini zaidi, mara mbili, na bakubwa banaongezaka kidogo mafuta ya mimea iliyogandishwa, asilimia moja ao mbili, inashika yote pamoja. Ao andika ku etikete "koroga mbele ya kula" na uiache kalanga tupu, kuko bantu banaitafuta vile.

---

MwanaKatuba

Bapapa na bamama, aksanti sana. Niliwasomea mama yote jana usiku na torshi ya telefone, juu umeme haikuwako.

Papa wa Kasumbalesa, ni kweli, banajaza na kijiko na macho. Tulipima makopo 40 yenye ilikuwa tayari: ndogo kabisa 471, kubwa 519. Mama alinyamaza wakati murefu. Nyuma akasema ile ya 519 ndiyo aliijaza yeye, juu anaogopaka mutu aseme amemuibia.

Yaya wa Bukavu, tulimwanga saki moja ya kilo 50 ku bashi asubui hii na bamama bote. Zenye kukunjamana na zenye doa zilijaza ndoo moja na nusu. Mama alizishika mu mikono, akauliza kama ni kweli kukaanga hakuimalize, nikamwambia ndiyo. Akazibeba mwenyewe mpaka ku shimo. Ile ndoo na nusu ilikuwa faida ya siku mbili. Sasa kuko mama mumoja, yule mwenye macho mazuri, tumemupatia kazi ya kuchagua, na tunatafuta labo ya kupima.

Daftari, yaya muhasibu, hatukuwa nayo. Nimenunua leo. Nimeandika mukaa, plastiki, mushahara, safari ya Kasenga, na nikigawa naona kopo ya gramu 500 tulikuwa tunapata faida kidogo sana, na bila ile ndoo tutapandisha bei. Katuba watakubali? Sijui kama niende mbele Kolwezi ao nirudi Kitwe.

---

Mhasibu_Kampemba

Katuba usipandishe kopo la 500. Tengeneza dogo la 100 kwa bei mtoto anaweza kutumwa nayo, kama wale wa sabuni. Kolwezi kwanza, barua ya kuomba kuuza nitakusaidia kuiandika.

---

Papa_Kasumbalesa

Na mi nasema Kitwe usiiache, yule papa alifunga karto yako na skoshi vizuri, mutu asiyetaka kukuona tena hafanyi vile. Lakini usiende na karto kumi. Enda na makopo kumi na mbili, yote 500, na karatasi ya labo. Jumanne niko mujini, nyumbani kwangu kuko mizani ya zamani ya posta, pita tupime pamoja.

---

MwanaKatuba

Nitakuja na mama, papa. Anauliza kama ile mizani inaonyesha hata gramu moja-moja.

---

Papa_Kasumbalesa

Inaonyesha mbili-mbili. Mwambie alete na kijiko chake.